Majeraha ya Imani: Nkoaranga Ina Neno kwa Vitabu Vipya



Kwenye meza za vitabu zinazotandikwa nje ya makanisa yetu siku ya Jumapili, pamoja na Biblia, vitabu vya nyimbo na kalenda za ukutani, imeongezeka katika miaka ya karibuni aina moja ya kitabu ambayo zamani ilikuwa adimu. Ni vitabu vya uponyaji wa moyo. Vingine vimeandikwa na watumishi wa hapa hapa nchini, vingine vimetafsiriwa kutoka ng'ambo. Na ndani ya kundi hilo kuna vichache vinavyothubutu zaidi ya vingine, kwa sababu vinazungumzia majeraha yaliyosababishwa na dini yenyewe: mhubiri aliyeigeuza mimbari kuwa fimbo, baba aliyepiga kwa kisingizio cha Maandiko, usharika uliomgeuzia kisogo mtu wake alipoanguka.

Mimi nimevipokea vitabu hivi kwa furaha. Nimekulia katika Kanisa ambalo habari hizo zilizungumzwa jikoni tu, kwa sauti ya chini. Nilipokuwa mtoto nilimwona binti wa jirani yetu amesimamishwa mbele ya usharika mzima, tumbo lake limeanza kuonekana, akiungama ili arudishwe kundini. Kijana aliyempa ujauzito alikuwa ameketi safu ya pili, na hakuna aliyemwita. Sisi watoto tulifundishwa kwamba tulichokiona ni toba. Imenichukua miaka mingi kutambua kwamba tulichokiona kilikuwa pia jeraha, na kwamba lilitolewa kwa jina la Mungu mbele ya watu waliomjua binti yule tangu kuzaliwa kwake.

Mambo haya si madogo. Mwaka 2023 sote tulisikia habari za msitu wa Shakahola, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Anayesema kwamba majeraha ya dini ni masuala ya Wazungu waliochoka na Kanisa, basi aende Kilifi akazungumze na waliobaki.

Hata hivyo, ninayo hoja moja na vitabu hivi, na ndiyo sababu ya makala haya. Vingi vinamtazama aliyejeruhiwa kana kwamba yuko peke yake na Mungu wake. Mwaka 1991 Wamarekani wawili, David Johnson na Jeff VanVonderen, walichapa kitabu kuhusu matumizi mabaya ya mamlaka ya kiroho ambacho kimesomwa sana, na wengi walioandika baada yao wamefuata njia hiyo hiyo: mtu ajitambue, aweke mipaka, aondoke panapobidi, atafute ushauri, asamehe. Ni ushauri mwema. Lakini unamfaa zaidi mtu anayeweza kuhama kanisa kama anavyohama nyumba ya kupanga. Vipi kuhusu watu ambao aliyewajeruhi ni jirani wa mgomba kwa mgomba, wa ukoo mmoja, anayezikwa na mchungaji huyo huyo na kuchota maji katika mfereji huo huo? Kwa swali hilo nakuomba, ndugu msomaji, tupande pamoja hadi Nkoaranga.

Akeri, Oktoba 1896

Nkoaranga iko kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru, juu ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, katikati ya migomba na kahawa. Anayeifika leo huona hospitali ya Kanisa, shule na nyumba ya ibada, na huona mahali patulivu. Lakini Injili haikufika katika mlima huu kwa utulivu.

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wote wawili vijana kutoka nchi za Baltiki, walipiga hema Akeri, si mbali na Nkoaranga, wakikusudia kuanzisha kituo. Hawakuwa peke yao katika eneo lile. Kapteni Kurt Johannes wa jeshi la Wajerumani alikuwa karibu na askari wake. Kwa Wameru na Waarusha waliokuwa wakiutazama ugeni huo, haikuwa rahisi kutenganisha aliyekuja na kitabu na aliyekuja na bunduki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba wapiganaji walishambulia, na wamisionari wale wakauawa pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao.

Yaliyofuata husimuliwa mara chache zaidi. Johannes alirudi na jeshi la adhabu, akiwa na wasaidizi wengi wa Kichagga. Vijiji vilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa na wanawake wakachukuliwa mateka. Miaka michache baadaye ikajengwa Boma ya Arusha kwa kazi ya kulazimishwa. Tarehe 2 Machi 1900 viongozi 19 wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha walinyongwa huko Moshi. Mangi Meli anakumbukwa zaidi kati yao, lakini Mangi Lobulu wa Meru naye alikuwamo.

Ni baada ya hayo yote, mwaka 1902, ndipo kituo cha misheni kilipoanzishwa Nkoaranga. Naomba mpangilio huu wa miaka usitupite: kwanza mauaji ya Akeri, kisha jeshi la adhabu, kisha kitanzi, kisha kengele ya kanisa. Ovir na Segebrock wana majina yao katika vitabu vya misheni, nao wanastahili kukumbukwa, kwa maana walikufa vijana wakiwa hawajamdhuru mtu. Lakini waliouawa na jeshi la adhabu, tena kwa kisingizio cha damu ya wale wawili, majina yao hayasomwi katika ibada yoyote. Mtoto aliyekulia kwenye mlima huu ameweza kufundishwa kwamba babu zake waliua watumishi wa Mungu, asifundishwe kwamba babu zake hao hao waliuawa. Huko nako ni kujeruhiwa.

Imani ikawa yao

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba Ukristo wa Meru ni mzigo uliotwishwa kwa nguvu. Historia haikubali wepesi huo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha na Waingereza wakawafukuza wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920, Kanisa halikufa. Walimu na wainjilisti wenyeji ndio waliobaki na watu, wakafundisha, wakasalisha, wakazika. Leipzig walirudi baadaye katika miaka ya 1920, wakaondolewa tena na Vita ya Pili, na Walutheri wa Kimarekani wa Augustana wakashika nafasi. Wageni walikuja na kuondoka. Wenyeji ndio waliokuwapo siku zote. Kilicholetwa na wageni kikawa mali ya watu wa mlimani, kama kahawa ilivyokuwa mali yao.

Na hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Dini inayoweza kumjeruhi mtu hadi ndani ni ile iliyokwisha kuwa yake. Ya mgeni humchubua tu.

Ngare Nanyuki, 1951

Kabla ya kufika kwenye jeraha la Kanisa lenyewe, yatupasa kutazama jeraha jingine ambalo Wameru walilipata na jinsi walivyolishughulikia, kwa sababu lina somo ambalo vitabu vyetu vipya vinalihitaji.

Mwezi Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi ile igawiwe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Wameru hawakupokea jambo lile kwa kujiuliza kila mmoja peke yake moyoni mwake atapona vipi. Walichangishana fedha, wakamtafuta mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa, akaeleza kilichotendeka. Azimio la kuwatetea lilipopelekwa katika Baraza Kuu halikufikisha theluthi mbili ya kura. Kwa hesabu ya siku ile, walishindwa.

Lakini tazama walichopata. Mashamba ya walowezi hayakustawi kama ilivyotarajiwa, na mwishowe Wameru walirudi kwenye ardhi ile. Nchi nzima ya Tanganyika ilijifunza kutoka kwao kwamba mkoloni anaweza kushtakiwa hadharani. Na mwaka 1967 Kirilo Japhet na Earle Seaton walitoa kitabu juu ya kesi ile ya ardhi. Mtu aliyefukuziwa watu wake ndiye aliyeandika habari za kufukuzwa. Leo mjukuu wa Ngare Nanyuki akiulizwa kilichowapata wazee wake, hajibu kwa kunong'ona. Ana tarehe, ana majina, ana kitabu. Jeraha lile lipo, lakini ni kovu. Unaweza kuligusa bila mtu kuruka.

Ndugu dhidi ya ndugu, 1990 hadi 1993

Sasa tuje kwenye jeraha ambalo bado watu huruka likiguswa.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, Walutheri wa Meru walikuwa sehemu ya Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambayo makao yake yako Moshi. Jirani zao Waarusha walikwisha kupata mamlaka yao ya kikanisa. Meru ikabaki chini ya Moshi, na manung'uniko yakakua: kwamba sadaka zinapanda upande mmoja na maendeleo yanashuka upande mwingine, kwamba nafasi za masomo na uongozi zinawaendea Wachagga. Sina nia ya kupima hapa ni manung'uniko yapi yalikuwa ya haki na yapi yalitiwa chumvi. Ninachosema ni kwamba yalipandwa katika udongo wenye kumbukumbu. Mlima ambao mwaka 1896 uliona wasaidizi kutoka Kilimanjaro wakija na jeshi la Wajerumani haukuwa umesahau, hata kama hakuna aliyelitaja jambo hilo katika mikutano ya sinodi.

Kuanzia mwaka 1990 dai la kuwa na dayosisi ya Meru liligeuka mgogoro wa wazi. Waliokuwa mbele walijitangazia dayosisi yao wenyewe, Kanisa halikuitambua. Baadaye ikaundwa Dayosisi ya Meru ndani ya KKKT, lakini kufikia wakati huo watu walikwisha kugawanyika pande mbili, na wengi wa waliojitenga hawakurudi. Walianzisha kanisa lao, ambalo lipo hadi leo.

Maneno "waligawanyika pande mbili" ni mepesi mno kwa kilichotokea. Nyumba zilichomwa. Migomba ilikatwa na mibuni ikang'olewa, na anayeijua Meru anajua kwamba kukata mgomba wa mtu ni kumwambia kwamba hana haki ya kuwapo. Makanisa yaligombewa kama ngome. Watu walikamatwa, watu walikufa. Ndugu wa tumbo moja walijikuta pande tofauti, na misiba ikawa mitihani: nani atazika, nani atahudhuria, nani atatazama pembeni. Kote huko waliopigana waliimba nyimbo zile zile, kutoka katika kitabu kile kile.

Mwanaanthropolojia Mfaransa Catherine Baroin aliuandika mgogoro huo, na makala yake ikatoka mwaka 1996 katika jarida la kitaaluma la Uingereza, kwa Kiingereza. Ni kazi ya thamani. Lakini mama wa Nkoaranga ambaye shamba lake lilifyekwa hatalisoma jarida lile, na mjukuu wake hatalikuta kwenye meza ya vitabu Jumapili. Kwenye meza ile, mara ya mwisho nilipoipitia, nilihesabu vitabu saba vya kuponya moyo uliojeruhiwa. Hakuna hata kimoja kilichotaja mwaka wowote wala mahali popote.

Kuponya ni pamoja na kusimulia

Wapo watakaonijibu kwamba mambo hayo yamepita. Migomba imeota upya, vijana wa pande mbili wameoana, wachungaji wanasalimiana barabarani. Kwa nini tufukue? Hoja hii naiheshimu, kwa sababu wengi wanaoitoa ni watu walioumia, wala si wavivu. Amani ya kunyamaza nayo ni amani, na pengine ndiyo iliyookoa maisha miaka ile. Lakini wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kimya cha miaka ya baada ya 1896 hakikufuta kitu. Kilihifadhi, na baada ya karibu miaka mia moja kilichohifadhiwa kikatoka kikiwa na shoka mkononi.

Barani kwetu wapo walioliona hili kabla yangu. Padri Laurenti Magesa, Mtanzania, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya dini ya Kiafrika, alionesha kwamba kwa wazee wetu kosa halikuwa doa katika nafsi ya mtu mmoja tu, bali lilikuwa kukatika kwa uhusiano, na kwa hiyo dawa yake ilikuwa kuunganisha kilichokatika, mbele ya watu. Padri Emmanuel Katongole wa Uganda, katika kitabu alichokitoa mwaka 2017 baada ya kuzitazama Uganda na Kongo ya mashariki, anafundisha kwamba maombolezo si kukata tamaa, bali ni namna ya tumaini: anayelia mbele za Mungu na kutaja kilichompata hajakubali kwamba ndio mwisho wa habari.

Na upo mfano wa vitendo. Watu wengi wanaikumbuka Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini kwa habari za polisi na wapigania uhuru. Wachache wanakumbuka kwamba mwezi Novemba 1997, katika mji wa East London, tume ile iliziita dini zenyewe. Makanisa yalikuja, likiwamo Kanisa la Kidachi la Reformed lililokuwa limeubariki ubaguzi wa rangi kwa Maandiko, yakazungumza juu ya sehemu yao. Askofu Mkuu Desmond Tutu, aliyeongoza tume ile, alitoa kitabu mwaka 1999 kinachotetea msamaha kwa nguvu zote. Lakini msamaha wa Tutu unakuja baada ya mtu kusimama na kusema alichotenda. Hata serikali ya Ujerumani imelifahamu hilo: tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba msamaha kwa ukatili wa wakati wa Majimaji. Kama rais wa taifa ameweza kuomba radhi kwa damu iliyomwagika zaidi ya miaka mia moja iliyopita, itatushindaje sisi kwa migomba ya juzi?

Sipendekezi mahakama. Wala sitaki majina ya watuhumiwa yatundikwe kwenye mlango wa kanisa, kwa maana hilo lingekuwa kumsimamisha tena yule binti mbele ya usharika. Ninapendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, waliokufa wasomwe kwa majina, wa pande zote mbili, katika ibada moja. Na pale Akeri, siku Ovir na Segebrock wanapokumbukwa, wakumbukwe pia Wachagga waliokufa nao na Wameru na Waarusha waliouawa baada yao. Wasiojulikana majina watajwe kwa koo zao.

Pili, kumbukumbu zikusanywe sasa. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1990 amekwisha kuvuka 60. Chuo Kikuu cha Makumira kiko mteremko huo huo, kina wanafunzi, na simu ya kurekodi sauti kila mmoja anayo mfukoni. Mwanafunzi wa theolojia aliyekaa jioni mbili na bibi wa Nkoaranga, akamwuliza siku ile ilikuwaje, atakuwa amejifunza juu ya huduma ya kichungaji jambo lisilo katika mtaala.

Tatu, waandishi wa vitabu vya uponyaji, ambao wasomaji wao ni wengi kuliko wangu, waandike sura moja tu yenye mwaka na mahali. Waseme: hapa, siku fulani, sisi watu wa imani tuliumizana, na hivi ndivyo tulivyofanya baadaye. Sura hiyo itamponya msomaji kuliko kurasa mia za kumwambia asamehe asichoruhusiwa kukitaja.

Yule binti wa utotoni mwangu sasa ni bibi. Anaimba kwaya ya akina mama, na hajawahi kuhama usharika. Mwaka juzi nilikwenda kumsalimu, nikamwambia kwamba niliiona siku ile na kwamba tulimkosea. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, nilidhani ni mimi peke yangu ninayeikumbuka." Akainuka kwenda kuteka chai. Tulikunywa mpaka giza likaingia, naye akawa anasimulia.